Mimea Iliyoelekea Chumbani

Mmea wa kwanza kuharibika ulikuwa ule mrefu wa kona ya kushoto. Majani yake yalipauka, lakini mishipa ikabaki kijani kibichi, ikaonekana kama mishipa ya mkono wa mgonjwa.

Telesphori, fundi wa pampu za maji pale Mwadui, hakushtuka. Tangi lile la kioo aliachiwa na jirani yake Mzungu aliyerudi kwao mwaka 1972, pamoja na samaki wadogo kumi na mmoja na daftari la maelekezo. Mwaka mzima mimea ile ya majini ilistawi, hata wageni wakawa wanaitazama kabla hawajawasalimu wenyeji. Sasa akafungua daftari. Jani likipauka na mishipa ikabaki kijani, lilisema, mmea umekosa chuma. Akatafuta misumari minne yenye kutu, akaifukia kwenye changarawe.

Wiki iliyofuata majani yakatoboka. Akapunguza chakula cha samaki, akabadilisha theluthi ya maji, akakata yaliyooza kwa wembe, akalisogeza tangi karibu na dirisha. Kila alichofanya kilikuwa sahihi. Mimea ikazidi kulainika, majani yakawa ute unaoning'inia.

"Mama Apolonia," alimwita mkewe, "umewahi kuona mmea unaukimbia mwanga?"

Salvina akaweka chini ungo wa mchele, akaja. Dirisha lilikuwa mashariki. Kila shina lililobaki lilikuwa limeinama magharibi, kuuelekea mlango wa chumba chao cha kulala.

"Ligeuze," akasema.

Wakapunguza maji, wakaligeuza pamoja. Kesho yake adhuhuri mimea ilikuwa imeinama tena upande uleule wa chumba. Samaki nao walikuwa wamekusanyika juu kabisa, midomo ikigusa hewa, hakuna hata mmoja aliyethubutu kushuka.

Lilikuwapo jambo moja ambalo daftari halikuweza kulijua. Wakati wa Pasaka Telesphori alikwenda msibani upande wa Geita. Kando ya njia palikuwa na duara, shimo la wachimba dhahabu, lililotelekezwa baada ya kuporomoka. Mdomoni mwake palikuwa na chungu ya changarawe nyeupe, safi, za kupendeza. Akajaza nusu gunia. Nyumbani alizichemsha, akazitandaza chini ya tangi, na mkewe alipouliza akamwambia amezitoa mtoni.

Siku ya Alhamisi alirudi kutoka kazini saa nane mchana, akamkuta Salvina amesimama uani na rozari mkononi.

"Baba Apolonia, usiingie kwanza. Sikiliza."

Ngo. Ngo. Ngo.

Sauti ilikuwa ya chuma kinachogonga mwamba mbali chini ya ardhi, ila ilitoka sebuleni.

"Imeanza lini?"

"Jumatatu. Nilidhani ni pampu yako ya hewa ya samaki, nikaizima." Akashusha sauti. "Haikukoma. Na nikijilaza mchana, nikiamka nakuta hivi."

Akamwonyesha vidole. Chini ya kila ukucha palikuwa na udongo mwekundu, mbichi, umeshindiliwa kama wa mtu aliyekwangua ukuta.

Telesphori akaingia peke yake. Harufu ilimpokea mlangoni, harufu ya udongo uliolowa na moshi wa taa ya karabai, ingawa nyumba ile iliwashwa kwa umeme na haikuwahi kuwa na karabai. Akaingiza mkono ndani ya maji, maji yakawa baridi kuliko ya kisima, akaushika mmea ule wa kona na kuuvuta, nao ukakataa, akauvuta tena, na mizizi ikaanza kupanda pamoja na mizizi ya mimea mingine yote, imesukana kama kamba moja, ikitetemeka kwa kila pigo la ile ngo, ngo, hadi ncha yake ikatokeza imekikumbatia kijiwe kimoja, kile alichokipenda kuliko vyote kwa weupe wake, na alipokitazama kwenye mwanga wa dirisha akaona kwamba hakikuwa kijiwe, kilikuwa mfupa wa kidole cha mtu.

Kugonga kukakoma. Uani, Salvina akaanguka.

Asubuhi yake alimpeleka Didia kwa Mageni, mama mmoja mfumu, yaani mganga wa jadi, ambaye hata makatekista walimwendea kwa siri. Mageni alimshika Salvina kifundo cha mkono, akasikiliza habari yote ya tangi na mfupa.

"Hizo changarawe umezitoa wapi, baba?"

Telesphori alimtazama mkewe kabla ya kujibu. "Kwenye duara lililoporomoka. Huko Geita."

"Uliniambia mtoni," Salvina akanong'ona.

"Nilijua ungekataa."

Salvina alifumba macho. Yalipofunguka, aliongea kwa sauti nzito ya kiume, tena kwa Kisumbwa, lugha ambayo yeye, Msukuma wa palepale Didia, hakuijua. Mageni alimwacha amalize, kisha akatafsiri polepole.

"Anasema yeye ni Januari, mwana wa Eufrasia wa Ushirombo. Jiwe lilimfunika masika saba yaliyopita. Mkono wake mmoja ulibaki nje ya jiwe, akagonga mwamba kwa chuma mpaka akachoka. Ninyi wa mjini mngesema ni jini la maji. Huyu ni mtu aliyekosa kuzikwa. Usimrudishe shimoni, mpeleke kwa mama yake."

Walifika Ushirombo kwa basi Jumamosi mchana, gunia la changarawe zote za tangi wakilisukuma kwenye baiskeli ya kuazima, mfupa umefungwa kwenye leso nyeupe. Eufrasia alikuwa kikongwe mwembamba, amekaa kibarazani akipukuchua mahindi. Telesphori alipiga goti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Alimweleza yote, bila kuficha hata uongo wake. Kikongwe hakulia. Alipokea leso kwa mikono miwili, akaiweka mapajani, akaipapasa kama anayembembeleza mtoto mchanga. Telesphori aligeuka, akamwona Salvina amesimama wima kwenye jua, rangi imemrudi usoni, akipumua vizuri kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi. Machozi ya shukrani yakamtoka Telesphori.

"Mungu akubariki kwa kuniletea Januari," akasema Eufrasia. Kisha akalitazama gunia. "Lakini siku ile walishuka wanne. Wenzake watatu mmewaacha wapi?"

Telesphori akaanza kulifungua gunia.

Nyuma yake Salvina akafungua mdomo, na zikatoka sauti tatu kwa pamoja, zote za kiume.

"Tupo, mama."