Anayeita Kule Majini

Siku ya kwanza Dada alipoacha kuitika, mama yake alidhani ni kiburi. Alimwita kutoka barazani, pale alipokuwa ameinamia cherehani, amletee mkasi. Kimya. Akamwita tena. Mtoto alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha jikoni, wala si mbali, na alikuwa amesikia vizuri tu, maana aligeuza shingo akamtazama mama yake kwa makini, kama mtu anayemkagua mgeni aliyebisha hodi wakati wakubwa hawapo. Kisha akarudisha uso wake ukutani. Mama akainuka, akafuata mkasi mwenyewe.

Hakumgombeza. Kaburi la mdogo wake Dada lilikuwa bado halijaota majani, na ndani ya nyumba ile hakuna aliyekuwa na nguvu za kumgombeza mwenzake.

Jambo la pili lilikuja siku chache baadaye, mchana wa joto. Mama alikuwa anapima pindo la sare ya shule, pini zimemjaa midomoni kama wafanyavyo mafundi wote wa kushona, na mtu mwenye pini midomoni hasemi neno. Ndipo akasikia sauti ikiita kutoka bafuni, penye pipa la maji.

"Dada. Dada, njoo."

Ilikuwa sauti yake yeye mwenyewe. Hata ule mkwaruzo wa mafua aliyokuwa nayo wiki ile ulikuwemo. Na Dada, ambaye kwa mama yake alikuwa amegeuka bubu, akajibu upesi na kwa adabu zote, "Abee, mama," akainuka kwenda.

Mama alizitema pini, akakimbia, akamdaka mlangoni mwa bafu. Ndani hapakuwa na mtu. Pipa lilikuwa limefunikwa, lakini sakafu ilikuwa imelowa, na bafu zima lilinuka udongo mbichi, udongo wa matofali yasiyochomwa. Aliijua harufu ile. 

Maana nyuma ya nyumba yao kulikuwa na shimo. Baba yake Dada alikuwa mfyatuaji wa matofali, na yeye na wenzake ndio waliolichimba, mwaka baada ya mwaka, mpaka mvua zikalijaza. Ukilitazama kwa juu ungedhani maji yanafika kwenye kifundo cha mguu, yametulia hivyo. Kumbe kingo zake zilikatwa wima kama ukuta, zinateleza kama sabuni, na katikati hakuna aliyewahi kupima. Baba alisema ataweka uzio mvua zikiisha. Mvua zikaisha, watu wakataka matofali, uzio ukangoja. Mama naye alikuwa na sare za shule nzima za kushona, hakuwa na macho ya kulinda watoto wawili kutwa nzima. Basi akafanya wanachofanya mama wengi. Akatunga jini.

"Kule majini kuna majini," aliwaambia.

Mdogo wake Dada alicheka mpaka akakaa chini. Walimwita Mzee, kwa sababu alitembea ameweka mikono nyuma, na akikutana na mtu mzima alimuuliza hali ya magoti yake. Umri wake ulikuwa wa kuanza chekechea. "Kwa hiyo," akauliza akijishika tumbo, "hao majini wa majini wakitoka majini, si wanakuwa majini wa nchi kavu?" Baba akacheka, hata Dada akacheka, na mama akaona kitisho chake kinageuzwa kichekesho. Ndipo akaongeza chumvi.

Akasema jini lenyewe ni mwanamke. Lina uso wake yeye, limevaa kitenge chake, na sauti ni yake. Linasimama ndani ya maji na kumwita mtoto kwa upole. "Siku mkiniona niko majini nawaita," akasema, "msiitike, na msinisogelee. Huyo si mimi. Mama yenu haingii majini."

Mzee aliacha kucheka. Na kweli, dawa ilifanya kazi: tangu siku hiyo watoto walilizunguka shimo kwa mbali. Mama alijisifu kwa jirani yake muuza mkaa kwamba amepata mlinzi asiyesinzia. Kuwaambia watoto kwamba maji yenyewe ndiyo yanayoua, kwamba ukingo unamong'onyoka, kwamba mwenzako akitumbukia unatafuta mti mrefu na kupiga kelele, hayo hakuwaambia. Hayakuwa na ladha ya hadithi.

Halafu ikaja asubuhi moja Mzee alikuwa anafukuza kifaranga, kifaranga kikapita ukingoni, na ukingo ukakatika chini ya miguu yake. Hakuzama. Wachimbaji walikuwa wameacha ngazi ya udongo ndani ya shimo, na hapo ndipo alipotua, amesimama, maji kifuani, mikono imeshika majani. Dada akakimbia kumwita mama. Mama alikuja mbio, na kando ya shimo palikuwa na miti mirefu ya banda la matofali imelala hapo hapo, hata hakuiona. Ni mama gani angeiona? Alijitupa majini pembeni mwa ngazi ile, yeye asiyejua kuogelea, maji yakamfika shingoni, akanyoosha mikono akaita, "Mzee, njoo mwanangu. Njoo kwa mama."

Mtoto akamtazama. Aliuona uso wa mama, kitenge cha mama, ndani ya maji. Akasikia anaitwa kwa upole. Hakuitika. Alitikisa kichwa, taratibu, kama mzee anayekataa jambo la kijinga, akaachia majani, akarudi nyuma hatua moja. Na nyuma ngazi ilikuwa imeishia, hapakuwa na kitu.

Wafyatuaji walifika na kumtoa mama akiwa hajitambui. Mzee alitolewa baadaye. Watu wote waliambiwa kwamba mtoto aliteleza, na mama hakumwambia mtu yeyote vinginevyo, hata mumewe. Lakini Dada alikuwa amesimama ukingoni wakati wote, naye aliona.

Baada ya siku ile ya pini, sauti haikukoma. Iliita kutoka kwenye ndoo ya kufulia, ikaita kutoka kwenye sufuria iliyoachwa na maji jikoni, kila mara mchana mweupe, kila mara kwa sauti ya mama, na kila mara Dada akaitika na kuinuka, na mama akamrukia na kumshika. Nyayo ndogo za tope zilionekana barazani, zinaingia, hazitoki. Baba aliambiwa, akasema ni uchovu na majonzi. Siku aliyoisikia mwenyewe, huku mkewe amekaa mbele yake akila, aliweka kijiko chini na hakukigusa tena.

Muuza mkaa ndiye aliyemleta mganga. Mganga mwenyewe alikuwa mtu wa makamo anayeuza viatu vya mitumba sokoni, na siku hiyo alikuwa ameshikwa na mafua, akainusa harufu ya bafuni kwa shida. Alizunguka nyumba, akagonga pipa, akauliza jini lina jina gani na lilianzia wapi. Mama akamtoa nje barazani, na pale, kwa mara ya kwanza, akamwambia mtu mambo yote, kuanzia kichekesho cha Mzee mpaka ile hatua moja ya kurudi nyuma. Alisema huku anaitazama cherehani. Alipomaliza, mganga alikuwa amesahau kupenga kamasi.

"Mimi nafukuza majini yenye kwao," alisema kwa sauti ya chini. "Nayaambia rudini mlikotoka, yanarudi. Hili la kwako, mama, nilirudishe wapi? Limetoka mdomoni mwako."

Mama alimuuliza afanye nini basi. Mganga akafunga mkoba wake. Akamwambia asubiri kulifukuza, kwanza akamuulize binti yake jambo moja tu: akimtazama mama yake, anamwona nani.

Alimuuliza jioni ile ile, jua bado lipo, wamekaa kwenye mkeka. Dada alisogea mbali naye kidogo. Kisha akanong'ona, kama anaogopa kumuudhi.

"Wewe ulitoka majini."

"Mimi ni mama yako, Dada."

"Mama alisema haingii majini. Wewe uliingia, ukamwita Mzee, naye hakuitika, kwa sababu alikuwa anajua." Mtoto alikuwa anachezea ncha ya mkeka, hamwangalii. "Mama yangu yuko kule shimoni. Ndiye anayeniita. Anasema nikampokee Mzee, amechoka kumbeba."

Mama angemwambia nini? Kwamba jini halipo, na sauti yake wameisikia wote? Kwamba yeye ndiye mama wa kweli, wakati hivyo ndivyo jini lingesema? Aliona wazi kwamba mtoto huyu si mkaidi wala si mgonjwa. Alikuwa mtoto mtiifu, aliyeshika alichofundishwa na mama yake mpaka mwisho, kama mdogo wake. Mama alilia mbele yake, na Dada alimtazama akilia kwa huruma, kama mtu anavyomhurumia mtu baki.

Kesho yake wingu lilitanda tangu asubuhi. Baba alikuwa kwenye tanuri, na mama alikuwa amemfunga Dada kiunoni mwake kwa kipande cha kitambaa, akishona, mpaka usingizi wa siku zote alizokesha ukamchukua kidogo tu, kichwa juu ya meza ya cherehani. Alipozinduka manyunyu yalikuwa yanaanguka, fundo la kitambaa limefunguliwa vizuri bila kukatwa, na nyuma ya nyumba sauti yake ilikuwa inaita.

Alikimbia pekupeku, akapita jikoni, akapita kamba ya nguo, akapita rundo la matofali mabichi yaliyofunikwa nailoni, na kadiri alivyokaribia ndivyo harufu ya udongo ilivyomkaba na sauti ilivyozidi kuwa tamu, tamu kuliko alivyowahi kuwaita watoto wake hata siku moja, maana yeye aliwaita akiwa na kazi mkononi, ana haraka, amechoka, lakini hii iliita kama mtu asiye na kazi nyingine duniani isipokuwa kumngoja mtoto huyu. Na alipofika ukingoni alimwona Dada amesimama pale pale, juu ya ile ngazi ya udongo, maji kiunoni, na mbele yake, katikati ya shimo ambako hakuna aliyewahi kupima, amesimama mwanamke mwenye kitenge chake na uso wake, mikono ameinyoosha, na manyunyu yaliyokuwa yanatoboa maji yote hayakumgusa yeye hata tone.

"Dada, njoo mwanangu. Njoo kwa mama."

Mama alifungua mdomo kupiga kelele. Jina la mtoto lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Ndipo alipokumbuka kwamba anayeita si mama. Ndivyo alivyowafundisha, na hakuna muda wa kufundisha kingine.

Akaufunga mdomo.

Safari hii aliiona miti ya banda. Akauvuta mmoja, akalala kifudifudi juu ya tope ili ukingo usikatike, akausukuma mti juu ya maji mpaka ncha yake ikafika karibu na bega la Dada. Hakusema kitu. Yule wa majini aliita tena, akaita kwa kubembeleza, akamwambia mtoto asimwangalie yule wa juu. Dada akageuka, akamwangalia. Macho yake yalitoka kwa mmoja yakaenda kwa mwingine, yakarudi.

"Mbona wewe huniiti?" aliuliza.

Mama alitikisa kichwa. Machozi na mvua vilikuwa vinatiririka juu ya mdomo alioufumba, na kila kilichokuwa ndani ya kifua chake kilikuwa kinaita, mwanangu, mwanangu, lakini hakuna kilichotoka. Dada aliendelea kumtazama. Mguu wake mmoja ulikuwa umeshaanza kuteleza. Kisha akanyoosha mkono, akaushika mti.

Mama alimvuta taratibu, mpaka akamshika kwapani, akamtoa, akatambaa naye mbali na ukingo. Mtoto alikuwa baridi kama samaki. Alijificha shingoni mwa mama yake, akanusa pale anaponusa mtoto tangu anapozaliwa, na mwili wake wote ukalegea.

"Mama," alisema.

Wakakaa hivyo kwenye tope. Mama alikuwa anamtazama yule mwanamke juu ya kichwa cha mtoto. Alidhani sasa atazama, atatoweka, ameshindwa. Hakutoweka. Alishusha mikono yake polepole, akainamisha uso kwenye maji meusi yaliyo chini yake, akaita tena, kwa sauti ile ile.

"Mzee. Mzee wangu, njoo kwa mama."

Na kutoka chini, mbali, kikasikika kisauti alichokuwa anakiota kila akifumba macho, chenye adabu, chenye usingizi kidogo.

"Naam, mama. Nakuja."

Safari hii aliitika. Kwa huyu aliitika. Mama alitaka kupasuka. Neno lilikuwa moja tu, usiitike, na pengine mtoto angelisikia, pengine angerudi nyuma, huko aliko. Lakini sikio la Dada lilikuwa limelala juu ya koo lake, linasikiliza kama kuna neno litakalotoka, maana anayeita si mama.

Akauma kitenge chake kwa meno, akamwacha mwanawe aende.