Kola ya Shakila

Kila asubuhi Shakila alitoka nyumbani kwa mama yake mdogo, mtaa wa Msamala, bila kutia kitu tumboni. Alikuwa akisomea ushonaji katika chuo cha ufundi, na kwake yeye kula kulikuwa kupoteza muda. Njiani alipita dukani kwa Kajetani, akampa konzi mbili za korosho alizotumiwa na baba yake kutoka Nakapanya, naye akapewa chupa ya kinywaji cha kuongeza nguvu. Mchana alirudia tena.

Ijumaa ukafika mtihani wa kushona kola ya shati. Atakayefaulu angepelekwa kwa fundi mjini kufanya mazoezi ya kazi, na hilo ndilo Shakila alilolitamani kuliko yote. Lakini mikono ilimtetemeka, mshono ukaenda upande, na kola ikatoka imepinda kama sikio la mbuzi.

Mwalimu Theodosia aliigeuzageuza kola ile, asicheke wala asigombe. "Mwanangu, leo umekula nini?"

Shakila akasema ukweli wote, hata habari za korosho.

"Baba yako anakutumia chakula, wewe unakibadilisha upate kutetemeka," mwalimu alisema. "Utarudia mtihani Ijumaa ijayo. Uko tayari kuacha?"

"Niko tayari, mwalimu."

Kusema ni rahisi. Jumatatu na Jumanne alikunywa uji na kutafuna korosho zake mwenyewe. Jumatano kichwa kikamuuma sana, akaenda kwa Kajetani akamaliza chupa nzima. Hakuna mwanachuo aliyemwona, na angeweza kunyamaza. Hata hivyo aliona aibu, akamfuata mwalimu.

"Shikamoo, mwalimu. Nimekunywa tena. Nimeshindwa."

"Marahaba. Kujikwaa si kuanguka, mwanangu. Mwili uliozoea kitu lazima ulalamike. Kesho anza upya, na kichwa kikiuma, kunywa maji halafu njoo tule wote."

Ijumaa Shakila alikaa kwenye cherehani akiwa ameshiba, na mikono yake ilitulia. Mwalimu alipima ncha mbili za kola kwa rula, akakuta ziko sawa. Akamwandikia barua ya kwenda kwa fundi, huku akitabasamu kama mzazi.

"Wengi huniambia wako tayari kuacha mazoea mabaya," alisema, "lakini wakiteleza mara moja tu, wananikimbia. Wewe uliteleza, ukaja kuniambia, ukaanza tena. Huko ndiko kuwa tayari."

Shakila aliipokea barua kwa mikono miwili.