Picha ya Mutisya

Nilikuwa naosha vyombo niliposikia habari hiyo mara ya kwanza. Eti kuna gari ya kijivu inachukua watoto. Wengine walisema imeonekana Kamakis, wengine wakasema ni Ruiru mjini karibu na reli. Hakuna aliyemjua mtoto aliyepotea. Lakini maneno hayo yaliniingia yakakataa kutoka. Nikipika nayawaza. Nikiomba nayawaza. Msichana wangu Kui anasoma Thika. Kila jioni basi ya shule inamshusha hapa Kimbo pamoja na Kagwe, mtoto wa jirani yangu Wangeci.

Simu ilizidisha woga. Darasa la watoto lina grupu ya WhatsApp, ya Mwalimu Akoth. Ploti yetu, hizi nyumba za kupanga, pia ina grupu, na hiyo ni ya kila mtu. Huko mtu akituma kitu cha kutisha anaandika chini, "Nimetumiwa hivyo hivyo." Akishaandika hivyo, anaona hana makosa.

Siku moja basi iliharibika. Mwalimu Akoth alitutumia picha, na chini yake ujumbe wa sauti, kwa sababu wengine wetu kusoma ni kazi:

"Wazazi wa Kimbo, msiwe na wasiwasi. Basi imeharibika. Watoto wataletwa na Bwana Mutisya, mume wa mpishi wetu wa shule. Hiyo ndiyo picha yake na gari yake."

Mimi nilisikiliza, nikatulia. Nilijua mtoto wangu yuko na nani.

Lakini gari ilikuwa ya kijivu.

Wangeci alikuwa sokoni, kelele kila upande. Hakusikiliza sauti. Aliona picha tu, akaituma kwa grupu ya ploti. "Nani anamjua huyu? Si ni ile gari?" Aliuliza tu. Mwingine akajibu, "Ndiyo yeye." Mwingine akawatumia vijana wa boda, wale wa pikipiki wanaokaa steji magari yanaposimama. Ilipofika steji, picha ilikuwa na maandishi mekundu: MWIZI WA WATOTO.

Mimi hayo sikuyaona, nilikuwa napika. Nikasikia Wangeci, ametoka sokoni, akipiga geti.

"Mama Kui! Wamemshika! Ako hapo steji na watoto wetu!"

"Wamemshika nani?"

"Yule mwizi!"

Nilikimbia bila viatu, simu mkononi. Mutisya alikuwa chini, uso wote damu. Kui na Kagwe walikuwa ndani ya gari wakilia, vioo vilivyovunjwa vimewamwagikia.

"Waulizeni watoto!" Mutisya alikuwa anasema. "Waulizeni tu!"

"Nyamaza! Leo utajua hujui!" Kijana wa boda alikuwa ameinua jiwe.

Nilipiga kelele mpaka sauti ikaisha. Nani atasikia mwanamke mmoja kwa umati? Hapo nikamwona Nicanor, baba Ronny, yule anauza viatu vya mitumba akitangaza kwa spika.

"Baba Ronny, nipe hiyo maiki!"

"Ya nini, mama?"

"Nipe, Ngai, Mungu wangu! Wanamuua bure!"

Nikaweka simu kwa maiki. Sauti ya Mwalimu Akoth ikajaa steji yote. "Wazazi wa Kimbo, msiwe na wasiwasi..."

Kijana alishusha jiwe. Watu wakaondoka mmoja mmoja, wakiangalia chini. Hakuna aliyesema pole.

Mutisya alipona, lakini jicho moja halioni tena. Hawezi kuendesha gari.

Usiku wa siku ile Kagwe alimuuliza mama yake, "Mami, kwa nini ulisema ni mwizi? Alitununulia maziwa." Kisha akaacha kuongea. Hata shuleni, kimya.

Mwalimu Akoth alikuja kwa ploti. Wangeci alikuwa analia.

"Mwalimu, tufunge grupu zote. Simu ni shetani."

"Mama Kagwe, ukifunga, siku ile sauti yangu ingewafikia na nini?"

Wangeci akaiangalia simu yake.

"Simu inabeba chochote unachoipa," Mwalimu akasema. "Ukipata habari, sikiliza yote. Uliza imetoka kwa nani. Kama ni ya shule, nipigie mimi. Kama ni ya hatari, piga polisi. Usipojua, isimame kwako."

Tangu siku hiyo, kwa grupu ya ploti mtu hatumi onyo bila kusema limetoka kwa nani. Na grupu ya darasa imekuwa shule ya jioni. Mwalimu anatuma hadithi, watoto wanaisoma kwa sauti na kumrudishia. Hata mimi nasoma pamoja na Kui.

Mutisya naye yuko kwa hiyo grupu, Mwalimu alimwongeza. Anakaa kwake Thika akiwasikiliza watoto. Jioni moja ikaingia sauti ndogo, inasoma polepole. Ilikuwa ya Kagwe. Wangeci aliacha sufuria ikaungua.

Mutisya akajibu, "Nimekusikia, kijana wangu. Soma tena."

Mzazi mwenzangu, haya uyashike:

Usitume picha ya mtu usiyemjua.

Usitume kitu ambacho hujasikiliza au kusoma mpaka mwisho.

Usitoe picha kwa grupu moja ukaipeleka nyingine bila maneno yake.

Usiulize "Nani anamjua huyu?" mbele ya watu wenye hasira.

Usitoke kwa grupu ya shule kwa sababu ya woga.

Usiinue jiwe.