Jozi Nane za Mwalimu Edmund

Kabati lilikuwa wazi, kufuli likining'inia bila mkwaruzo. Ndani zilibaki jozi kumi na mbili za viatu vya baleti, vile vyenye ncha ngumu ambavyo mchezaji husimamia vidole. Jana jioni zilikuwa ishirini.

Inspekta Faustina Kalinga aliziangalia kwa macho ya mtu aliyekunywa chai bila kitafunwa. Baridi ya asubuhi ya Iringa ilipanda kutoka kwenye sakafu ya vigae ikaingia hadi kwenye soli zake.

"Kesho nina onyesho, wageni wanakuja," alisema Mwalimu Edmund, mwenye studio. "Watoto wanane wenye viatu hivyo ndio wa kufungua. Mtu anataka kuniangusha, afande."

"Nani?"

"Wenye wivu. Mji huu una wivu kuliko baridi."

"Wivu hauna ufunguo. Ufunguo anao nani?"

"Mimi. Na mwingine uko msumarini, nyuma ya mlango. Wazazi wote wanaujua."

Konstebo Ezron, aliyekuwa akipaka unga wa alama za vidole, aliinua kichwa. "Afande, hapa wameshika watu kama bomba la stendi."

Faustina alishusha pumzi. Juma lililopita alisimama hapahapa, bila sare, akimtafutia studio binti yake Evarista, wa miaka kumi na minne, anayetaka kuanza. Alipenda vioo. Alipenda vyeti vya ukutani. Zaidi ya yote alipenda ahadi ya Edmund: miezi mitatu tu, binti atasimama kwa ncha. Jibu alikuwa hajatoa, na Evarista hakumpa nafasi ya kupumua.

"Viatu vilivyoibiwa ni vya nani?"

"Vya wanagenzi. Wote wanane."

"Na hivi?"

"Vya wakubwa."

Faustina akachukua jozi mbili. Rangi moja, kipimo kimoja, jina hakuna. "Hii ya nani, na hii ya nani?"

"Sijui, afande. Watoto wenyewe hujaribu mpaka wapate. Vinafanana kama mayai."

"Basi mwizi anakuzidi, mwalimu. Kachagua jozi nane kati ya ishirini, hakukosea hata moja."

Akageuza kiatu. Ndani, chini ya utepe, palikuwa na uzi wa kijani umepitishwa mara mbili. Jozi ya pili, uzi wa zambarau. Faustina alijua mafundi cherehani wengi hawaandiki majina. Kila mteja ana uzi wake, na daftari ni kichwa cha fundi.

"Nani anakushonea tepe hizi?"

"Mama mmoja wa mtaa wa Mshindo, Bi Mwanahawa. Mtu mtulivu. Mtoto wake alikuwa hapa, akaacha."

"Kwa nini?"

Edmund alitazama kioo badala ya kumtazama yeye. "Alikanyaga vibaya. Huko kwao."

Hawakuhitaji kupekua. Uani kwa Bi Mwanahawa, kwenye waya wa nguo, viatu vilining'inia viwiliviwili, vinadondosha maji, vimelegea kama soksi kuukuu. Mwenyewe alikuwa kwenye cherehani, ushungi umemkaa sawasawa.

"Kamwene, afande. Karibu. Nilidhani mtakuja mapema zaidi."

"Kamwene, mama. Hivi ni vya nani?"

"Vya watoto wa watu. Nimevifua."

"Huwa vinafuliwa?"

"Havifuliwi. Ncha yake ni gundi na karatasi. Vikilowa, vimekufa."

Ezron alitaka kucheka. Faustina akamtazama, cheko likageuka kikohozi.

"Mama, nakuonya. Si lazima useme lolote, ila utakalosema litaandikwa na linaweza kutumika mahakamani."

"Andika, mwanangu. Hilo ndilo nililokuwa nikilitafuta, mtu wa kuandika." Akageukia mlangoni. "Amna, mletee afande kiti."

Binti akatoka na kigoda. Mguu mmoja ulikanyaga, wa pili ukaburutwa.

"Mwaka jana alikuwa mwanagenzi kama hao," Mwanahawa alisema. "Mwezi wake wa tatu tu akapandishwa kwenye ncha, juu ya saruji iliyovikwa vigae. Mfupa ukapasuka. Daktari kule hospitali ya Tosamaganga akanionyesha picha, akasema mama, miguu hii ilikuwa haijawa tayari. Nikamwendea mwalimu, akasema kaanguka nyumbani. Nikawaendea wazazi wenzangu, wakasema nina kijicho, wangu kashindwa. Nikaja kituoni. Niliyemkuta kaunta akaniambia mama, kucheza si kesi."

Faustina aliendelea kuandika.

"Juzi mwalimu akaniletea jozi nane za wanagenzi. Nikashona."

"Ulishona, na unajua yote hayo?"

"Niliogopa kukosa kazi. Na hata za Amna nilishona mimi. Mkono huu ndio uliomfunga zile tepe." Akaunyoosha. "Mwenyezi Mungu anaona. Sikutaka kuiba. Nilitaka kesho ipite na watoto wanane watembee."

Faustina alimsomea maelezo yake. Mwanahawa akasaini polepole. Ndipo inspekta alipofunika kalamu.

"Hili siliandiki. Nina binti, miaka kumi na minne, ndio kwanza anataka kuanza. Nimpeleke wapi?"

"Mahali sikujui, mama. Ila ukifika, vua viatu, ruka mara moja. Sakafu ikikurudisha, chini kuna mbao. Ikikupiga, toka. Halafu muulize mwalimu, mtoto atasimama kwa ncha lini? Akikutajia mwezi, aga. Akisema ngoja niitazame miguu yake kwanza, mwaka, hata miwili, hapo mwachie mtoto."

Akainuka, akafunika cherehani yake, akamuaga Amna kwa kumshika kichwa.

"Ezron, fungua na jalada la pili," Faustina alisema. "Mlalamikaji, Mwanahawa. Mtuhumiwa, Edmund. Uzembe uliosababisha madhara ya mwili."

"Kwa hiyo afande, tunamkamata nani?"

"Wote wawili. Tuanze na huyu aliye karibu."

Simu ikaita. Evarista.

"Mama, umemwambia mwalimu ndiyo?"

"Nimekataa."

"Mama! Unaniharibia maisha! Wenzangu wote..."

Faustina aliegemea mlango wa gari, miguu inamuuma, akakisikiliza kilio chote mpaka kikaisha.