Masikio ya Ng'ombe wa Dorika

Maiti ya Nathanaeli ilikutwa asubuhi nyuma ya ua wa minyaa wa mjane Dorika, pale Iguguno. Kisogo kimepasuka. Mguu mmoja una katambuga ya tairi, mwingine wazi. Jua halijapanda, Jumbe Philipo alishamfunga Dorika kamba mikono na kumkalisha chini kama mbuzi wa mnada.

Inspekta Alute alifika saa sita na Landrova ya polisi kutoka Singida. Ilikuwa mwaka 1956. Alipomwona yule mama, alimwendea moja kwa moja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba."

Jumbe alikunja uso. "Inspekta, unamwamkia muuaji?"

"Nani kasema ni muuaji?"

"Mimi. Nathanaeli ndiye aliyemshauri marehemu mume wake awekeshe ng'ombe watatu kwa Zefania, awalee. Ng'ombe wamekufa wote. Mwanamke kalipiza. Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, anataka kesi iishe wiki hii."

"Konstebo Idrissa, mfungue mama."

"Lakini Inspekta..."

"Na wewe Jumbe nenda ukakae kule."

Alute akapiga magoti. Chini ya kichwa cha maiti mchanga ulikuwa mkavu, hakuna hata tone la damu. Shati mgongoni limejaa mavi mabichi ya ng'ombe.

"Mama, una ng'ombe hapa?"

"Ningekuwa nao ningelia njaa? Zizini kwangu wanacheza panya. Nilikuwa na wale watatu tu duniani."

"Basi hakufia hapa. Kauawa zizini kwa mtu, kaburutwa, katupwa kwako ili unyongwe wewe."

Dorika alitema mate chini. "Watu wa hapa wameoza."

"Huyu Nathanaeli alikuwa mtu gani?"

"Alikuwa karani wa mnunuzi wa ng'ombe. Akaona mizani inavyokanyagwa kwa mguu, wazee wanapunjwa, akaacha kazi. Toka hapo tunakwenda kwake kuuliza. Niuze sasa au nisubiri mvua? Ng'ombe niweke kwa nani? Wewe uliyeuliza unampa debe moja la mtama ukishavuna. Kwa yule wa upande wa pili, mnunuzi au mlezi, Nathanaeli hachukui hata kibuyu cha maziwa. Alikuwa anasema, ukila kwa wote wawili, mdomo si wako tena."

"Jana alikuja?"

"Alasiri. Akataka kuona ngozi."

Zefania alikuwa amezileta wiki iliyopita. Ndiyo desturi: ng'ombe uliyewekesha kwa mtu akifa, mlezi anakuletea ngozi na masikio yake, uone alama yako mwenyewe.

Alute akazitandaza. Alama ya nyumba ya Dorika ni mkato kwenye ncha ya sikio la kushoto. Ipo. Akapitisha kidole. Ndama akikatwa sikio, kidonda kinapona, kinaacha kovu na manyoya yanaota ukingoni. Hapa hapakuwa na kovu wala unyoya. Palikuwa na gegedu jeupe tu, limekatwa wima.

"Hawa wamekatwa masikio wakiwa wameshakufa," alisema. "Si ng'ombe wako."

"Nathanaeli naye alishika hivyohivyo. Kisha akasema, 'Mama, nilikosea. Mimi ndiye niliyemwambia mumeo kwamba Zefania ni mtu wa kuaminika. Kesho nitasimama barazani niseme hivyo.' Akaenda kwa Zefania. Nilimkataza! Akasema hawezi kumsema mtu barazani kabla hajamwambia usoni."

Alute na Idrissa wakaenda kwa Zefania. Wakamkuta mlangoni, tumbo mbele, anatabasamu.

"Karibuni, karibuni. Nathanaeli? Mwezi mzima sijamwona, maskini."

Alute alimpita. Aliingia zizini. Kwenye kona moja mavi mabichi yalikuwa yamerundikwa juu ya ardhi kavu. Idrissa akafukua kwa jembe. Damu nyeusi. Na katambuga moja.

"Hii ya nani?"

Zefania akaacha kutabasamu.

"Ng'ombe wa Dorika wako wapi?"

"Niliwauza. Ngozi nilinunua kwa mchinjaji."

"Na Nathanaeli?"

"Nilimwambia achukue mtamba, anyamaze. Mtamba mzima, Inspekta! Akasema hata maji yangu hanywi. Akanipa mgongo. Nikashika mpini wa jembe."

"Umemuua mtu kwa sababu amekataa mtamba?"

"Nyumba sita zimewekesha kwangu!" Zefania alipayuka. "Wote nimewauza! Angesema barazani, wangekuja wote siku hiyohiyo kudai. Angechukua tu, mbona kila mtu anachukua? Alijiona nani yule, malaika?"

"Kila mtu nani?"

Zefania akarudi nyuma.

Alute akamkaba kola, akamsukuma kwenye miti ya zizi. "Nimekuuliza, nani?"

"Jumbe! Jumbe kachukua fahali. Maiti tulibeba wote. Yeye ndiye aliyesema tumtupe kwa Dorika, mjane hana wa kumsemea."

Alute alimfunga pingu. Zizini walibaki ng'ombe watano, wa Zefania mwenyewe. Akawahesabu kwa kidole.

"Hakuna anayewatoa hapa mpaka hakimu amsikilize Dorika, na wale wengine waliowekesha, walipwe. Idrissa, kamlete Jumbe."

Idrissa alisita. "Afande, Jumbe ni mtu wa serikali. Bwana Shauri atakasirika."

"Akasirike. Hata mimi nimekasirika."