Mara ya Nne Mlangoni

Mke wa Fundi Saa aliingia mlangoni mara nne, na hapo ndipo balaa lilipoanzia, maana mwenyewe Fundi Saa alikumbuka vizuri kwamba alimwingiza mara tatu tu.

Ngoja nieleze. Kazi ya bwana huyu ilikuwa kutengeneza saa, lakini ugonjwa wake ulikuwa kamera. Alikuwa nayo moja ndogo, ya kujazwa kwa ufunguo, inayotumia mkanda mwembamba usiozidi upana wa ukucha. Akiishika, nyumbani hakuna anayekunywa chai kwa amani. "Rudia," angesema, jicho kwenye kamera. "Toka, uingie tena. Hukuingia vizuri." Mkewe angetoka na kikapu chake, apige hodi upya, na binti yao angemkimbilia upya, "Karibu, mama," mpaka mama mtu acheke ashindwe kutembea. Sasa mama huyo alikuwa amefariki miaka miwili iliyopita, homa ya siku nne tu, na kilichobaki cha kumwona akitembea kilikuwa mkanda mmoja wa dakika nne kasoro sekunde kumi.

Mkanda wenyewe bubu, hauna sauti hata ya kukohoa. Kwa hiyo baba na binti walijitungia mchezo, wakauita kusemea. Kila Jumapili mchana waliziba dirisha kwa blanketi, wakatundika shuka ukutani, wakawasha projekta. Baba alimsemea mama kwa sauti nyembamba ya kuchekesha, binti akajisemea mwenyewe. Binti huyo alikuwa na miaka tisa. Mtaa mzima ulimwita Chiriku, kwa kuwa mdomo wake haukujua mapumziko. Fundi Saa alijifanya kulalamika, lakini ukweli ni kwamba kelele za mtoto yule ndizo zilizomfanya aamke asubuhi.

Jumapili hiyo mama aliingia mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kisha, mahali pa ule weupe wa mwisho wa mkanda, mlango ukafunguka tena. Gauni lilelile la maua, kikapu kilekile, ila kikapu kilikuwa mkono wa kushoto, na uso umeinama. Mtoto wa kwenye picha hakumkimbilia. Hakuwepo. Midomo ya mwanamke yule ikacheza, neno moja fupi. Fundi Saa hakulisemea. Lakini Chiriku, kwa mazoea tu ya mchezo, akadakia, "Karibu, mama."

Mwanamke akavuka kizingiti, akaja, akapita ukingo wa shuka. Fundi Saa akatazama saa yake ya mkononi. Dakika nne na sekunde moja. Zile sekunde kumi na moja za ziada zilikuwa zimetoka wapi?

Aliupitisha mkanda wote vidoleni, picha moja moja, lenzi ya kazini jichoni. Mke wake alikuwemo mara tatu. Akaurudia kutoka mwisho. Mara tatu.

Siku ya pili nyumba ikaanza kunuka siki. Mikanda ile ikizeeka hunuka hivyo, hilo alilijua, lakini harufu hii haikuwa kwenye kopo la mkanda. Ilikuwa kwenye mito, kwenye taulo, kwenye nywele za Chiriku. Siku ya tatu sauti ya mtoto ikakwaruza. Siku ya tano akakaa mezani, akafungua mdomo kuomba sukari, midomo ikacheza vizuri kabisa na hakikutoka kitu. Daktari akammulika koo, akasema koo zima kama la mtu yeyote. Chiriku akamtazama baba yake, machozi yakamtoka, nayo yakatoka bila sauti.

Alasiri ya siku hiyo Shangazi, dada yake Fundi Saa aliyekuwa akiishi nao, alisimama kwenye mlango wa sebule, kitambaa cha vyombo mkononi.

"Kaka," alinong'ona, "Chiriku yuko wapi?"

"Si huyu hapa. Kanilalia mapajani."

"Basi nani ananiita kutoka chumba cha projekta?"

Wakasikiliza. Projekta haikuwa hata kwenye umeme, waya wake ulikuwa umekunjwa juu ya meza kama alivyouacha, na hata hivyo iliunguruma ile tatatata yake ya kumeza mkanda, polepole, na ndani ya mngurumo huo, kutoka upande wa shuka na si kutoka koo la mtu, sauti ya Chiriku ilikuwa ikisema karibu mama, karibu mama, mara kwa furaha, mara kwa kejeli, mara kwa uzito kama wa mtu mzima anayejaribu nguo ya mtoto mbele ya kioo aone itamtosha vipi. Fundi Saa alimziba mwanawe masikio. Hakujua afanye nini kingine.

Shangazi ndiye aliyemleta Mshona Viatu. Watu walimjua kwa soli na visigino, wachache walimjua kwa hayo mengine. Alikuja na aproni yake, gundi imemkaukia vidoleni, bila mbwembwe wala maneno mengi.

"Nani alimkaribisha?"

"Mtoto. Ilikuwa mchezo tu."

"Hao wanaovaa sura za wafu hawajui mchezo. Ameambiwa karibu, ameingia, na cha kwanza alichokuta mlangoni ndicho alichochukua. Mashine yako inarudi nyuma?"

Ilirudi. Walikuwa wakiirudisha sana zamani, wavunjike mbavu wakiona maji yakipanda kuingia ndoo.

"Irudishe. Atatoka kwa mlango alioingilia. Akifika kizingitini atasimama kusubiri kuagwa, na aliyesema karibu ndiye atakayesema kwaheri. Yeye mwenyewe, bwana. Hata akitikisa midomo tu, hilo ni neno. Wewe usimsemee."

"Na asipoagwa?"

"Baada yake anakuja mke wako, si ndiyo? Picha zikikutana hujui tena yupi ni yupi. Zikiisha, choma mkanda wote."

Fundi Saa akaugusa mkanda. Hakuwa na mkanda mwingine wa mkewe. Akamtazama Chiriku, akaitikia kwa kichwa.

Mshona Viatu akasimama ameelekea mlango wa chumba, mgongo kwa shuka, kwa kuwa hakutaka kuonwa uso. Projekta ikawashwa kinyumenyume. Kutoka ukingoni mwa shuka ukatokea mguu, kisha gauni la maua, kisha mwanamke mzima akirudi nyuma hatua kwa hatua, na kwa sababu alirudi nyuma uso wake uliwaelekea wao muda wote, haukuinama tena, na ulikuwa uso wa mke wake kila kitu isipokuwa hakupepesa macho, na Fundi Saa akawa anahesabu sekunde kama alivyozoea kuhesabu maisha yake yote, tano, sita, harufu ya siki ikimchoma puani, saba, na mwanamke akafika kizingitini akasimama, nane, na Chiriku akafungua mdomo, akajikaza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, midomo ikacheza bila kutoka chochote, tisa, na baba mtu akasahau yote aliyoambiwa, akaona tu mtoto wake anashindwa na muda unaisha, kumi, akasema kwa ile sauti nyembamba ya mchezo, "Kwaheri, mama."

Mlango wa kwenye picha ukafungwa.

"Kasema nani?" akauliza Mshona Viatu, bila kugeuka.

Fundi Saa akautazama ule mgongo. "Kasema yeye."

Mkanda wakauchomea uani, ndani ya debe. Fundi Saa alilia waziwazi. Kabla moshi haujaisha, Chiriku akamvuta shati. "Baba, usilie," akasema, na Shangazi akapiga magoti palepale chini. Harufu ya siki iliondoka. Mtoto aliongea mpaka usingizi ukamkuta na sentensi mdomoni.

Siku mbili baadaye Fundi Saa alikuwa dukani, ameinamia saa ya mteja, Chiriku amekaa pembeni kwenye stuli. "Baba, utakula?" Akainua macho kumjibu. Midomo ya mtoto ilikuwa imefungwa. Ndipo ikafunguka, ikayatamka maneno yaleyale bila sauti. Sauti ilikuwa imetangulia. Fundi Saa akajiambia ni uchovu, lakini mkono wake ulishabonyeza saa ya kupimia. Sekunde moja. Kesho yake zilikuwa tatu. Hakumwambia Shangazi, na mbele ya kibanda cha Mshona Viatu aliacha kupita.

Jumamosi mchana Chiriku alikuwa kwenye stuli ileile, akichambua skrubu ndogo kwenye kifuniko cha kopo, kimya. Mlango wa duka ulikuwa wazi na barabara nyeupe kwa jua. Harufu ikaja kwanza. Kisha sauti ya mwanawe ikaita kutoka nje, karibu kabisa na kizingiti, kwa adabu zote.

"Hodi, baba."

Miaka arobaini ulimi wake ulijibu neno hilo kabla yeye hajafikiri. Fundi Saa akaziba mdomo wake kwa viganja vyote viwili, akamtazama Chiriku. Chiriku naye alikuwa akimtazama, na midomo yake ilikuwa bado haijaanza kucheza.