Jina Alilolikwangua Kazadi

Muamba alimsimamisha jirani yake Kazadi barabarani, pale Kapata, mtaa wa watu wa mgodi, akamshukuru kwa picha. Kazadi akapokea shukrani kwa tabasamu, maana mchoraji hakatai sifa. Alipofika kona ndipo alipokumbuka kwamba hajawahi kumchorea Muamba picha yoyote.

Akarudi kuiona. Ilikuwa imetundikwa sebuleni kwa Muamba juu ya redio, imechorwa kwenye kitambaa cha gunia la unga kama alivyozoea mwenyewe. Ilionyesha nyumba ya Kazadi: yeye mezani, mkewe Tshibola, binti yao Mianda, na kiti kitupu cha mama yake mzazi, Numbi. Mkono ulikuwa wake kabisa. Rangi ilikuwa bado mbichi, nayo ilinuka shaba, kama sarafu iliyokaa mdomoni. Chini pameandikwa: Yozefu K.

Muamba alisema Kazadi aliileta mwenyewe, saa saba mchana, akakataa hata maji ya kunywa. Kazadi akaenda nyumbani bila kubisha. Wiki hiyohiyo Mama Numbi akafariki.

Hapa niseme wazi jambo ambalo Kazadi hakupenda kulisema. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini huyu alisifiwa kuanzia Manika hadi Lubumbashi na kazi yake ikazidi kuwa nzuri. Leo picha zake ziko kwenye nyumba za wakubwa, na wanaozipenda zaidi zile alizochora baada ya mwaka 1974 hawajui wanapenda mkono wa nani. Amri ya serikali ilipotoka, mwaka 1972, kwamba Wazaire waache majina ya ubatizo, watu waliyaacha ofisini na kuendelea kuitana hivyohivyo jikoni. Kazadi alitaka picha zake ziende kwenye maonyesho ya Kinshasa, basi akazidisha. Alichukua wembe, akakwangua jina lake la ubatizo, “Yozefu”, kwenye kila picha iliyokuwa karakanani, akafagia magamba ya rangi, akaenda kuyamwaga kwenye shimo la zamani la mgodi wa shaba wa Mutoshi lililojaa maji ya kijani.

“Kwenda, Yozefu,” alisema, akicheka. “Mi sikujue tena.”

Ujinga wa mtu mwenye akili hauna dawa.

Baada ya matanga ya Mama Numbi, sauti zikaanza. Ilikuwa mchana kweupe, saa saba, wote watatu wakiwa mezani wakila bukari, ugali wao wa kila siku. Kule karakana, ng'ambo ya ua, mtu alikuwa anasuuza brashi kwenye kopo, na huku anasuuza aliimba puani wimbo wa kanisani ambao Kazadi aliuimba zamani. Tshibola alitazama mkono wa mumewe ulioshika tonge, akautazama mlango wa karakana. Siku ya nne Kazadi alijikaza akaenda. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na picha mbichi: meza, yeye, mkewe, na sahani ya Mianda bila Mianda.

Jua halijazama mtoto akawa anaungua kwa homa. Zahanati wakampiga sindano, wakasema hawaoni ugonjwa. Alikuwa na miaka tisa, wa pekee, na Kazadi aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa kitu chochote duniani.

Tshibola ni Mkatoliki, lakini mwenye kuuguliwa hachagui mlango. Alimleta Mwalimu Alimasi, msafirishaji wa Manika aliyejua kuwasomea wagonjwa Kurani. Alimasi alisoma mpaka kanzu ikalowa, kisha akauliza habari ya jina lililo chini ya picha, na Kazadi akakiri yote.

“Jina ya muntu haitupwake, tata,” alisema kwa sauti ya chini. “Iko jini mu ile shimo. Ilikuta jina haina mwenyewe, ikaivaa. Kesho saa saba, mama ya Mianda akuite mu lupango kwa ile jina, mara moja tu. Mwenye kuitika wa kwanza ni mwenye jina, na nyumba ni yake. Itika mbio. Usiwaze.”

Kesho yake Kazadi alisimama katikati ya lupango, ua wao, jua utosini, akimsikia Mianda akikoroma ndani, na kule karakana brashi ikagonga kopo, ikagonga tena, kisha ikatulia kama anayetega sikio, harufu ya shaba ikapanda mpaka machozi yakamtoka, na Tshibola, aliyekuwa anamwita Tata Mianda, yaani baba Mianda, siku zote, akafumba macho na kuita kwa nguvu, “Yozefu!”, na Kazadi, ambaye kwa miaka miwili alikuwa amejizoeza kuliogopa jina lile kama kosa, kabla ya kufungua kinywa aligeuza shingo kutazama barabarani, asije akawa anapita mtu wa chama tawala.

Barabara ilikuwa tupu.

“Niko hapa, mama,” ikajibu sauti yake, kutoka karakana.

Mianda akatoka ndani kwa miguu yake, homa imekwisha. Kazadi alilia kwa furaha, akamfungulia mikono. Mtoto akampita kama anavyopita nguzo, akakimbilia karakana, na Tshibola akafuata nyuma na maji ya kunawa. Kazadi alimwita mkewe, akamwita tena, akaligonga dirisha la karakana kwa viganja.

“Mama, nani analia kule inje?” aliuliza Mianda.

“Hakuna muntu,” alisema Tshibola. “Funga mulango, tata yako anachora.”